Intel na AMD: Bei ya Prosesa Hupangwa na Mpinzani

Kila kazi ya kompyuta, iwe ni kufungua barua pepe au kuhariri video ya harusi, hupitia kwenye prosesa, chipu yenye upana wa sentimita nne hivi ambayo ndani yake mna mabilioni ya transista. Kwa kompyuta za mezani zinazotumia Windows, chipu hiyo karibu kila mara ni ya kampuni moja kati ya mbili za Marekani. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilianzishwa mwaka uliofuata na Jerry Sanders pamoja na wenzake. Waanzilishi wa pande zote mbili walikuwa wametoka kampuni moja, Fairchild ya California.

Kinachowezesha kuzilinganisha ni kwamba chipu zao zinaelewa maagizo ya aina moja, yaitwayo x86, yaliyotokana na chipu ya Intel 8086 ya mwaka 1978. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 ilichagua Intel 8088, ndugu wa 8086, lakini haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Ndiyo maana mwaka 1982 Intel na AMD zilitiliana saini mkataba uliomruhusu mdogo kutengeneza chipu za mkubwa. Baadaye urafiki huo uliishia mahakamani, ila msingi ulibaki: programu ya uhasibu au gemu iliyoandikwa kwa ajili ya x86 huendeshwa na prosesa ya kampuni yoyote kati ya hizo bila kubadilishwa chochote. Mwaka 2003 zamu iligeuka. AMD ndiyo iliyotoa maagizo ya x86 ya biti 64, na Intel ikayafuata mwaka 2004. Kwa hiyo prosesa ya Intel inayouzwa leo imebeba ubunifu wa AMD, na ya AMD imebeba ubunifu wa Intel. Ile imani ya baadhi ya wauzaji kwamba moja ni halisi na nyingine ni ya kuiga haina msingi wowote.

Kasi ya prosesa haisomeki kwenye namba moja. Namba inayotangazwa zaidi ni gigahezi, yaani mapigo ya saa ya ndani: gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Lakini pigo la prosesa hii halimalizi kazi sawa na pigo la prosesa ile. Mwaka 2013 AMD ilitoa FX-9590 iliyofika gigahezi 5 na kupangiwa wati 220. Core i7-4770K ya Intel, ya mwaka huo huo, ilifikia gigahezi 3.9 tu na kupangiwa wati 84, na bado iliishinda katika kazi nyingi. Miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume. Pentium 4 ya Intel ilibuniwa ipige mapigo mengi kadiri inavyowezekana, kila pigo likiwa na kazi ndogo, na AMD ikaamua kuacha kabisa kuuza gigahezi. Athlon XP 1800+ ya mwaka 2001 ilipiga gigahezi 1.53, ile 1800 ya jina ilikuwa ya kumtuliza mnunuzi aliyeiona ikiwa kando ya Pentium 4 ya gigahezi 1.8. Gigahezi ni kipimo cha haki pale tu zinapolinganishwa prosesa za familia moja na kizazi kimoja.

Namba ya pili ni ya viini. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake, na prosesa za mezani za leo huwa na viini kuanzia vinne hadi zaidi ya ishirini. Viini vingi vinafaa pale kazi inapogawanyika: kutoa video iliyohaririwa, kuchora picha za pande tatu, kubana mafaili, kuendesha programu nyingi kwa pamoja. Kazi ambayo kila hatua yake inasubiri jibu la hatua iliyotangulia haigawanyiki, na hapo prosesa yenye viini 16 haina faida juu ya yenye viini sita ikiwa kiini kimoja cha kila upande kina nguvu sawa. Kazi nyingi za ofisini ziko katika kundi hili la pili. Gemu nazo hutumia viini kadhaa, lakini kwa kawaida kimoja au viwili ndivyo hubeba mzigo mzito na kuamua mwendo wa vingine vyote.

Hata idadi ya viini imepoteza uwazi wake. Tangu kizazi cha 12 cha prosesa za Core, kilichotoka Novemba 2021, Intel huchanganya viini vikubwa vyenye nguvu na viini vidogo vinavyobana umeme. Core i9-12900K ina viini 16, lakini vinane tu ndivyo vikubwa. Ryzen 9 5950X ya AMD, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ina viini 16 vya aina moja. Mnunuzi aliyeziona kwenye orodha ya duka kama "viini 16 kwa viini 16" hajalinganisha kitu bado.

Kisha kuna kache, kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa hufanya hesabu haraka kuliko RAM inavyoweza kuiletea data, hivyo muda mwingi hupotea katika kusubiri. Data iliyokwisha kuwa ndani ya kache hupatikana bila kusubiri huko. AMD ilionyesha uzito wa jambo hili Aprili 2022 ilipotoa Ryzen 7 5800X3D. Ilikuwa na viini vinane kama Ryzen 7 5800X ya kawaida, na saa yake ilipiga polepole zaidi kidogo, lakini juu ya chipu ilibandikwa tabaka la ziada lililopandisha kache kutoka megabaiti 32 hadi 96. Katika gemu ilizipita prosesa zilizokuwa na saa ya kasi zaidi na viini vingi zaidi. Katika kuchora picha za pande tatu ilibaki nyuma kidogo ya ile ya kawaida, kwa sababu kazi ile haina njaa ya kache. Prosesa mbili, kampuni moja, viini sawa, na mshindi anabadilika kulingana na kazi inayofanywa.

Ndiyo maana wapimaji makini hawatumii programu moja. Cinebench, iliyotengenezwa na kampuni ya Maxon, hupima uchoraji wa picha za pande tatu na hutoa matokeo mawili, ya kiini kimoja na ya viini vyote. Matokeo hayo mawili yasichanganywe. Blender hupima kazi ya aina hiyo hiyo kwa programu ambayo watu huitumia kweli. 7-Zip hupima kubana na kufungua mafaili. Gemu hupimwa kwa idadi ya fremu zinazochorwa kwa sekunde, na wapimaji wazuri huongeza kipimo cha fremu zilizochelewa zaidi, kwa kuwa wastani mzuri unaweza kuficha mkwamo unaomuudhi mchezaji.

Kipimo cha gemu kina mtego ambao wasomaji wengi huingia. Ili kuona tofauti za prosesa, wapimaji hutumia kadi ya picha ya bei ya juu kuliko zote sokoni na kushusha ubora wa skrini, kwa makusudi, ili kadi isiwe ndiyo kikwazo. Njia hiyo ni sahihi kisayansi. Lakini nyumbani, mtu mwenye kadi ya picha ya bei ya wastani atakuta kadi imefika mwisho wa uwezo wake kabla prosesa haijachoka, na ile tofauti ya asilimia 30 aliyoiona kwenye grafu inaweza kuyeyuka ikawa asilimia mbili au tatu. Grafu haikudanganya, ilijibu swali ambalo si la mtu huyo.

Upande wa bei ndio wenye mafunzo mengi zaidi, kwa sababu bei ya prosesa haina uhusiano wa karibu na gharama ya kuitengeneza. Gharama kubwa ni ya utafiti na ya viwanda, ambavyo kimoja hugharimu mabilioni ya dola. Chipu ikishafika hatua ya kutengenezwa kwa mamilioni, kila moja hutoka kwa kiasi kidogo ukilinganisha na inavyouzwa. Kinachoamua namba iliyoandikwa kwenye boksi ni kile mpinzani anachouza wiki hiyo hiyo.

Julai 2006 ilikuwa na wiki za namna hiyo. Intel ilitoa Core 2 Duo, chipu iliyoachana na falsafa ya Pentium 4, na ile ya gigahezi 2.4, E6600, iliuzwa dola 316. AMD, ambayo kwa karibu miaka mitatu ilikuwa imeshika uongozi na kupanga bei ya kiongozi, ilipunguza bei mara moja: Athlon 64 X2 3800+ ilishuka kutoka dola 303 hadi 152, na X2 5000+ kutoka dola 696 hadi 301. Chipu hazikubadilika hata kidogo. Aliyenunua Juni na aliyenunua Agosti walipata kitu kile kile, mmoja kwa bei mara mbili ya mwenzake.

Ushindani huo haukuwa wa maabara peke yake. AMD iliishtaki Intel mwaka 2005 kwa madai ya kuwabana watengenezaji wa kompyuta wasinunue chipu zake, na mwaka 2009 Intel ilikubali kuilipa dola bilioni 1.25 kumaliza kesi. Mwaka huo huo Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya yuro bilioni 1.06, uamuzi ambao sehemu yake kubwa mahakama ya Ulaya iliutengua mwaka 2022.

Baada ya 2006 AMD ilishuka kwa muda mrefu. Familia yake ya Bulldozer, iliyotoka Oktoba 2011, ilijaza viini vingi vilivyokuwa dhaifu kimoja kimoja, na Intel ikabaki peke yake juu. Matokeo yake yanaonekana kwenye orodha. Core i7-2600K ya Januari 2011 ilikuwa na viini vinne na iliuzwa dola 317. Core i7-7700K ya Januari 2017 ilikuwa na viini vinne na iliuzwa dola 339. Miaka sita ilipita, na mnunuzi wa daraja hilo aliongezewa kasi kiasi kila mwaka lakini hakuongezewa hata kiini kimoja. Aliyetaka viini vinane alielekezwa kwenye Core i7-6900K ya mwaka 2016, ambayo bei yake ilizidi dola 1,000, tena kwenye ubao mama wa aina nyingine ulio ghali.

Machi 2017 AMD ilileta Ryzen. Ryzen 7 1800X, viini vinane, dola 499. Ryzen 7 1700, viini vinane pia, dola 329. Katika kazi zinazogawanyika zilikaribiana na chipu ya Intel ya zaidi ya dola elfu, huku katika gemu Core i7-7700K ikiendelea kuongoza. Intel haikusubiri. Oktoba mwaka ule ule ilitoa Core i7-8700K yenye viini sita kwa dola 359, na Core i5-8400, nayo ya viini sita, kwa dola 182. Mwaka 2018 ikaja Core i9-9900K ya viini vinane kwa chini ya dola 500. Viini ambavyo havikupatikana kwa miaka sita vilipatikana ndani ya miezi saba, na ni vigumu kuamini kwamba wahandisi wa Intel walijifunza kuviongeza katika miezi hiyo saba.

AMD iliendelea kusonga mbele kwa sababu mbili za kiufundi. Ya kwanza ni kiwanda. Mwaka 2009 ilikuwa imevitenga viwanda vyake vikawa kampuni nyingine, GlobalFoundries, na kufikia 2019 ilikuwa inachapisha chipu zake kwa TSMC ya Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 7, wakati Intel ilikuwa imekwama kwenye teknolojia ya zamani zaidi ya nanomita 14 kwa kompyuta za mezani tangu 2015 hadi 2021. Ya pili ni kugawa prosesa katika vipande. Bamba la silikoni halikosi madoa, na kadiri chipu inavyokuwa kubwa ndivyo uwezekano wa doa kuangukia ndani yake unavyoongezeka na chipu nzima kutupwa. AMD ilitengeneza vipande vidogo vya viini vinane, ikachagua vyenye viini vizima vya kutosha, na kuviunganisha viwili viwili kwenye kitako kimoja. Hivyo ndivyo Ryzen 9 3900X ya Julai 2019 ilivyoweza kuuzwa na viini 12 kwa dola 499.

Mashabiki wa AMD waliiona kampuni hiyo kama mtetezi wa mnyonge, na Novemba 2020 iliwapa jibu. Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019 ilikuwa imeuzwa dola 199. Kizazi cha 5000 kilipoishinda Intel hata katika gemu, prosesa ya viini sita ya bei ya chini kuliko zote kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa Ryzen 5 5600X, dola 299, na kwa miezi kadhaa hakukuwa na ya chini yake. Januari 2022 Intel ikatoa Core i5-12400F, viini sita, dola 167. Miezi mitatu baadaye AMD ikatoa Ryzen 5 5600 kwa dola 199 na Ryzen 5 5500 kwa dola 159. Kampuni ni mbili, tabia ni moja: anayeongoza hupandisha, anayefukuzia hushusha. Mnunuzi anafaidika zaidi miezi michache baada ya toleo kubwa, pale aliyepitwa anapolazimika kujibu.

Bei hizi zote ni za kutangazwa, kabla ya kodi za Marekani, na za Intel kwa desturi huhesabiwa kwa mteja anayechukua prosesa 1,000 kwa mkupuo. Dukani huwa tofauti, na baada ya miezi kadhaa hutofautiana sana.

Kugawa bei kwa uwezo kunahitaji uangalifu. Mwaka 2024 AMD ilitoa Ryzen 5 9600X ya viini sita kwa dola 279 na Ryzen 9 9950X ya viini 16 kwa dola 649. Ukigawa, kiini kimoja cha ile ndogo kinagharimu dola 46.50, na cha ile kubwa dola 40.60 hivi. Kwa hesabu hiyo ile ghali ndiyo rahisi. Kwa mhariri wa video anayelipwa kwa kazi, hesabu inaweza kuwa sahihi, kwa maana viini vyote 16 vitafanya kazi. Kwa mcheza gemu au karani, viini kumi vya ziada vitakaa bure, na dola 370 zitakuwa zimetupwa ambazo zingemnunulia kadi bora ya picha, RAM na diski ya SSD.

Kosa la upande wa pili ni kulinganisha bei ya prosesa peke yake. Tuseme prosesa moja ni dola 200 na nyingine ni dola 300, na ya pili ina kasi zaidi kwa asilimia 20. Ya pili inaonekana hasara, kwa kuwa bei imepanda kwa asilimia 50. Lakini kama vifaa vingine vyote vya mashine vinagharimu dola 800, mashine nzima itapanda kutoka dola 1,000 hadi 1,100, yaani asilimia kumi, kwa kasi ya asilimia 20. Sasa ni faida. Kwa mtu anayejenga mashine mpya kabisa, hesabu ya pili ndiyo ya kweli. Kwa anayebadilisha prosesa tu kwenye mashine aliyonayo, ya kwanza ndiyo yake.

Mashine nzima ina vitu vinavyofungamana na kampuni iliyochaguliwa. Prosesa hukaa kwenye soketi ya ubao mama, na soketi za Intel na AMD haziingiliani. Intel hubadilisha soketi mara nyingi: LGA1200 mwaka 2020, LGA1700 mwaka 2021, LGA1851 mwaka 2024. AMD ilishikilia soketi ya AM4 kwa vizazi vyote vya Ryzen kuanzia cha mwaka 2017 hadi cha 5000, na aliyenunua ubao mama na Ryzen 5 1600 mwaka 2017 aliweza, kwa mbao mama nyingi baada ya kusasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), kupachika 5800X3D miaka mitano baadaye bila kununua kingine. Hiyo ni faida ya fedha halisi ambayo haionekani kwenye grafu yoyote ya siku ya ununuzi. Soketi iliyofuata, AM5 ya mwaka 2022, inapokea RAM ya DDR5 pekee, wakati LGA1700 ya Intel ina mbao mama za DDR4 na za DDR5, jambo lililomsaidia mwenye RAM ya zamani.

Herufi za mwisho wa jina nazo zina bei. F kwa Intel maana yake prosesa haina uwezo wa picha, hivyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. Core i5-12400 inaonyesha picha yenyewe, 12400F haionyeshi. Prosesa nyingi za Ryzen kabla ya kizazi cha 7000 pia hazina picha, isipokuwa zenye G. K kwa Intel huruhusu kupandisha kasi kwa mkono na huja bila feni. Ryzen 5 5600 huja na feni yake ndani ya boksi, ikimwokolea mnunuzi gharama ya kununua nyingine.

Umeme ni gharama inayolipwa kila mwezi. Core i9-14900K ya mwaka 2023 imepangiwa hadi wati 253 inapobanwa, wakati Ryzen 7 7800X3D, inayoipita katika gemu nyingi, imepangiwa wati 120. Tofauti ya wati 100 kwa saa tano kila siku ni uniti 15 kwa mwezi. Kwa Tanzania, ambako uniti ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida ni takriban shilingi 350, hiyo ni zaidi ya shilingi 5,000 kila mwezi, bila kuhesabu joto linalomwagwa chumbani Dar es Salaam na feni inayotakiwa kuliondoa. Kwa mwenye UPS tofauti inaonekana mara moja umeme unapokatika: mashine inayokula wati nyingi huzimika kabla mtu hajamaliza kuhifadhi kazi.

Kwa kugusa tu, kuna mpinzani wa tatu. Tangu Novemba 2020 Apple hutumia chipu zake yenyewe, na Mac mini ya chipu ya M4, iliyotoka mwaka 2024 kwa dola 599, ina kiini chenye kasi kubwa sana kwa umeme mdogo. Chipu hiyo haiuzwi kama prosesa ya kupachikwa kwenye ubao mama, na mashine haipokei RAM ya kuongezwa baadaye, kwa hiyo inalinganishwa kama mashine nzima tu.

Ukiondoa wahariri wa video na wacheza gemu, Afrika Mashariki ulinganisho huu mara nyingi hauhusu boksi jipya. Kompyuta nyingi zinazopangwa kwenye maduka ya Kariakoo au katikati ya Nairobi ni mitumba ya maofisi ya nje: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Nyingi zina prosesa za Intel, na kibandiko cha bei husema "Core i5" basi. Jina hilo limekuwepo tangu 2009 na halisemi lolote bila namba inayofuata. Core i5-2400 ni ya kizazi cha pili, mwaka 2011, viini vinne. Core i5-8500 ni ya kizazi cha nane, viini sita. Core i5-12400 ni ya kizazi cha 12. Namba moja au mbili za kwanza baada ya kistari ndizo zinazoonyesha kizazi. Kwa Ryzen, 2600 na 3600 husomwa kwa namba ya kwanza.

Kizazi kina uzito kuliko daraja, na sababu kubwa kwa sasa ni Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi, kwa orodha yake, prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea na za Ryzen 2000 na kuendelea, isipokuwa chache. Core i7-7700K, iliyokuwa kileleni Januari 2017, haimo kwenye orodha hiyo. Core i3-8100, chipu ya dola 117 iliyotoka Oktoba mwaka ule ule, imo, na ina viini vinne kama hiyo i7. Kwa shule, ofisi ya mawakili au duka linalohitaji Windows yenye masasisho ya usalama, i3 ya kizazi cha nane ni ununuzi bora kuliko i7 ya kizazi cha sita hata kama muuzaji anadai i7 ni kubwa zaidi. Ambaye yuko tayari kutumia Linux halazimiki kufuata orodha hiyo.

Tahadhari moja ni ya prosesa zilizotumika za karibuni. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa za daraja la juu, zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika polepole hadi programu zinakatika. Ilitoa marekebisho ya BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano. Marekebisho huzuia uharibifu lakini hayaponyi chipu iliyokwisha kuharibika, hivyo Core i9-13900K ya mtumba isinunuliwe bila kujaribiwa kwa kazi nzito. Prosesa mpya zinazouzwa bila boksi, zile za trei, nazo huwa rahisi kidogo, ila dhamana yake ni ya muuzaji wala si ya kampuni.

Kwa mwenye OptiPlex ya kizazi cha nane, hatua inayofuata mara nyingi haihitaji kampuni nyingine. Ubao mama wenye Core i3-8100 kwa kawaida hupokea Core i7-8700, viini sita, iliyopangiwa wati 65 sawa na hiyo i3, kwa hiyo mara nyingi pawa saplai ya kiwandani haizidiwi. Kinachohitajika ni fundi wa kufungua feni, kupaka krimu mpya ya kupitishia joto, na kabla ya kulipa kuhakikisha kwamba BIOS ya mashine hiyo inaitambua prosesa hiyo kwa namba yake kamili.